Timu ya Taifa na Lugha ya Jukwaani

Marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa awamu ya pili, aliwahi kuifananisha nchi yetu katika michezo na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila anayejifunza kunyoa hukijia na wembe wake. Ulikuwa msemo wa mzaha na wa uchungu kwa pamoja, na kwa kuwa ulitoka kinywani mwa mtu aliyekijua Kiswahili mpaka ndani, ulishika. Hata leo, Taifa Stars ikifungwa, utausikia Kariakoo, utausikia Ngamiani, utausikia Mwanjelwa, ukitolewa upya kana kwamba ni hukumu ya mahakama isiyokatiwa rufaa. Sisi twauheshimu msemo huo kwa uzuri wake. Lakini twaona kwamba umetutia uvivu wa kufikiri. Mwendawazimu hana neno juu ya kichwa chake. Hukaa kitako akanyolewa. Nasi tumezoea kuitazama timu yetu hivyo hivyo, kama kitu kinachotendwa na wengine, na tukishauguza uchungu wetu kwa mzaha twaondoka uwanjani bila ya kujiuliza ni nini hasa kilichotokea.

Kumbukumbu za michezo yenyewe hazikubaliani na mfano huo. Ni kweli kwamba hesabu kwa jumla ni ya kusikitisha. Taifa Stars imecheza fainali nne za Kombe la Mataifa ya Afrika: za 1980 nchini Nigeria, za 2019 nchini Misri, za 2023 nchini Ivory Coast, ambazo zilichezwa Januari 2024, na za 2025 nchini Moroko. Katika michezo 13 imetoka sare 5 na kufungwa 8. Haijapata kushinda hata mmoja. Anayetazama hesabu hiyo peke yake atasema hapa pana udhaifu mtupu. Lakini na atazame jinsi michezo hiyo, na mingine ya miaka hii ya karibuni, ilivyokwenda.

Tarehe 14 Novemba 2015, katika uwanja wetu mkubwa wa Dar es Salaam, tulikutana na Aljeria kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Tukatangulia kwa mabao 2-0. Mchezo ukaisha 2-2, na siku tatu baadaye, ugenini, tukafungwa 7-0. Tarehe 27 Juni 2019, huko Cairo, tulitangulia mbele ya Kenya, wakasawazisha, tukatangulia tena, wakasawazisha tena, tukafungwa 3-2. Mwezi Aprili mwaka huo huo vijana wetu wa chini ya miaka 17, wakiwa wenyeji wa fainali za Afrika, walitangulia mbele ya Nigeria, wakafunga mabao manne, na bado wakashindwa 5-4. Januari 2024 Simon Msuva alitufungia mapema mbele ya Zambia, na Zambia wakabaki uwanjani watu kumi kabla ya mapumziko. Kipindi kizima cha pili tulikuwa kumi na mmoja kwa kumi, tukiwa na bao mkononi. Katika dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha.

Kichwa cha mwendawazimu hakitangulii kwa mabao mawili. Timu inayotangulia mbele ya Aljeria, mbele ya Kenya mara mbili, mbele ya Zambia, ni timu yenye watu wanaojua mpira. Kwa hiyo swali linaloulizwa vijiweni, yaani kwa nini hatuna wachezaji, si swali la kweli. Wachezaji tunao, na tumekuwa nao kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1970 Sunday Manara, aliyepewa jina la Kompyuta kwa wepesi wa akili yake uwanjani, alivuka bahari akacheza Uholanzi. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2015 akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka huo miongoni mwa wanaocheza barani Afrika, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza. Swali la kweli ni gumu zaidi, na linahusu utamaduni kuliko miguu: kwa nini tulichokwisha kukipata hatuwezi kukishika?

Sababu zinazotajwa mitaani hazitufikishi mbali. Wapo wanaotaja umaskini. Lakini mataifa yanayotushinda si yote yenye mali. Wapo wanaotaja ndumba, na klabu zetu zimeipa shughuli hiyo jina la heshima, «kamati ya ufundi». Hatuna haja ya kulijadili jambo ambalo lingekuwa na nguvu hiyo basi Kombe la Dunia lingekuwa limelala Kariakoo tangu zamani. Wapo wanaosema kwamba vipaji vyetu ni vichache, na akikosekana mmoja basi timu imekwisha. Hao twawaomba wawatazame jirani zetu wa Zambia. Usiku wa tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu yao ya taifa ilianguka baharini karibu na Libreville, na wote waliokuwamo wakafa. Takriban kikosi kizima kilipotea katika saa moja. Waliobaki, wakiongozwa na Kalusha Bwalya ambaye hakuwamo katika ndege hiyo, walikusanya vijana wapya. Na mwaka uliofuata, 1994, timu hiyo mpya ilicheza mchezo wa mwisho wa Kombe la Mataifa ya Afrika, ikafungwa na Nigeria 2-1 tu. Vipaji vilikuwa vimezama baharini. Namna ya kucheza ilikuwa imebaki nchi kavu, katika viwanja vya migodini, katika vichwa vya walimu na vijana. Hiyo namna ya kucheza, inayorithiwa na kila anayevaa jezi, ndiyo tusiyokuwa nayo sisi.

Namna ya kucheza haizaliwi ofisini. Huzaliwa katika yale ambayo watu huyapenda na kuyasifu, na yale wanayoyasifu huyajua kwa maneno. Ndiyo maana sisi, ambao kazi yetu ya jioni ni maneno, tumeona tuyasikilize yanayosemwa jukwaani.

Kiswahili cha kandanda ni tajiri ajabu. Mtu hupiga chenga, tena hulambwa chenga. Humvisha mwenzake kanzu, mpira ukipita juu ya kichwa chake. Humpitisha tobo, ukipita katikati ya miguu yake. Hupiga danadana, hupiga kisigino, huachia mkwaju. Mshambuliaji hutikisa nyavu, huzifumania nyavu, hucheka na nyavu. Hakuna ofisi iliyokaa kikao kuyatunga maneno hayo. Yametungwa na watoto, na wauza kahawa, na watangazaji wa redio, na kila moja lina picha ndani yake. Katika kanzu pana kejeli ya kumvika mtu vazi la heshima ili kumwaibisha. Washairi wengi wangetoa beti kumi wapate neno moja kama hilo.

Lakini hebu yapange maneno hayo, ndugu msomaji, uone yanamhusu nani. Yote yanamhusu mtu mmoja, na mtu huyo ana mpira. Mchezaji anayekimbia hatua ishirini bila ya mpira ili amvute mlinzi mmoja tu kutoka mahali pake, mwenziwe apate njia, hana neno. Anayerudi nyuma kuziba pengo lililoachwa na mwingine hana neno. Wale wanne wa nyuma wanaosogea pamoja kama mlango mmoja, hatua kwa hatua, hawana neno lao. Walimu wa mpira wana istilahi zao, ni kweli, nyingi zikiwa za Kiingereza. Lakini hizo hubaki katika daftari na katika filimbi ya mazoezi. Hazijapanda jukwaani. Na kila mchezo, wachezaji ishirini na moja kati ya ishirini na wawili, dakika baada ya dakika, hawana mpira.

Neno moja tulilonalo kwa kazi ya kuzuia ni «kukaba». Nalo tumelitoa wapi? Katika shingo. Kukaba ni kumbana mtu koo, na mjini ni kazi ya vibaka wa usiku. Kwa hiyo anayetulindia lango tumempa jina la kosa la jinai. Tukitaka kumsifu zaidi twamwita kisiki, au siku hizi kitasa. Tazama picha hizo: kisiki ni mti uliokwisha kukatwa, umesimama peke yake shambani, kazi yake ni kuwakwaza wapitao, kitasa kimepigiliwa mlangoni hakiendi popote. Hata sifa za mlinzi basi ni sifa za kitu kimoja kilichosimama, wala si za watu wanaosogea pamoja. Neno lililotungwa vyema kuliko yote ni «kiungo», kwa mchezaji wa katikati, maana kiungo ndicho kinachokifanya kiganja kiwe mali ya mkono. Tulipokuwa tukilitunga tulikuwa tumekwisha kuelewa jambo. Lakini sikiliza jukwaa: kiungo hushangiliwa anapofanya nini? Anapopiga chenga.

Atakayesema kwamba maneno ni maneno tu, na mpira huchezwa kwa miguu, na amtazame kijana wa miaka kumi na minane uwanjani mbele ya watu elfu sitini. Amechoka, mguu unamuuma, zimebaki dakika saba, timu yake inaongoza kwa bao moja. Anaweza kukimbia kurudi mahali pake, ambako huenda mpira usifike kabisa, wala hapana mtu atakayejua kuwa alirudi. Anaweza pia kungoja mbele, mpira ukimfikia amvishe mtu kanzu, na uwanja mzima utalitaja jina lake. Tangu utotoni tumemfundisha lipi lina sifa. Twajuaje kwamba atachagua lile lisilo na jina?

Mtunzi wa tarbia analijua jambo hili kwa njia yake. Ubeti una mishororo minne. Wa kwanza hufungua, na wa mwisho, ukiwa ni kituo, huimbwa na umma mzima. Wa tatu, tuuitao mleo, mara nyingi hakuna aukumbukaye; lakini ukilegea, kituo hakina pa kusimama. Wapo watunzi wanaoandika mshororo mmoja mzuri sana wakauzungushia mitatu ya kujazia. Baraza la washairi huwajua hao mapema. Sijui kwa nini, sisi tulio wakali hivyo katika ubeti, tumekuwa wapole hivyo uwanjani.

Chanzo cha desturi hii hakiko mbali wala si cha aibu. Watoto wetu hujifunza mpira katika chandimu: watano kwa watano, au watatu kwa watatu, magoli ya mawe mawili, mpira wa matambara na makaratasi yaliyofungwa kwa kamba, uwanja ukiwa ni kichochoro baina ya ukuta wa msikiti na kibanda cha muuza mkaa. Hapana mlinda mlango, hapana kuotea, hapana mwamuzi. Katika uwanja wa namna hiyo chenga ndiyo njia ya pekee ya kupita. Chandimu imewapa vijana wetu wepesi wa mguu ambao shule za mpira za nchi tajiri huutafuta kwa fedha nyingi, na atakayetaka kuipiga vita atakuwa hajui anachokipiga. Tatizo ni kinachofuata baada yake. Kwa kawaida kingefuata uwanja wa shule, wenye wachezaji kumi na mmoja na mwalimu mwenye filimbi, ambako mtoto hukutana kwa mara ya kwanza na nafasi kubwa, na hulazimika kujiuliza asimame wapi wakati mpira uko upande wa pili. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, yalikuwa ndiyo daraja hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba yanawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Yalirudishwa baadaye, na ni vyema. Lakini kijana aliyekuwa darasa la nne siku zile alikuwa ndiye aliyetegemewa kuvaa jezi ya taifa katika miaka ya 2010, naye alitoka kichochoroni akaingia klabuni bila ya kupita darajani. Na katika shule nyingi za leo, uwanja umekuwa madarasa, na madarasa yana haja, hilo hatulikatai. Twasema tu kwamba kitu kimetolewa na hakuna kilichowekwa mahali pake.

Klabuni anakutana na nini? Hapa hatuna budi kuzitaja Simba na Yanga, na tunajua kwamba atakayezitaja hizo hatapata kupongezwa na wote. Yanga iliundwa mwaka 1935, Simba ilifuata mwaka 1936 kwa majina mengine. Zilikuwa vyama vya watu kabla ya kuwa timu za mpira, nazo zina historia ya heshima katika jiji la Dar es Salaam. Zamani mikoa nayo ilikuwa na sauti: Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Tangu hapo ni Azam peke yake, mwaka 2014, iliyoweza kuuchomoa ubingwa mikononi mwa wakubwa hao wawili. Mashabiki wa nchi nzima, kutoka Kigoma mpaka Mtwara, wamegawanyika katika mafungu mawili ya jijini. Yanga ikicheza na wageni, nusu ya Watanzania hao huwaombea wageni. Simba ikicheza, nusu ya pili hulipa kisasi. Wapo wanaovaa jezi za wageni, tena hadharani. Basi wachezaji wa Simba na wa Yanga wanapoitwa katika timu ya taifa, jukwaa huja na vitabu viwili vya hesabu. Mchezaji wa Simba akikosea, upande mmoja hucheka. Wa Yanga akikosea, hucheka upande wa pili. Jezi ni moja, wanaoitazama ni wawili.

Mafanikio ya klabu hizo katika miaka hii yametuchanganya pia. Yanga ilifika mchezo wa mwisho wa Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger. Simba ilifika hapo hapo mwaka 2025, ikafungwa na RS Berkane. Watu wakauliza: klabu zetu ziko juu hivyo, mbona timu ya taifa haiko? Wasome majina. Mlinda mlango wa Yanga ile alikuwa Djigui Diarra wa Mali. Mfungaji wake mkuu Fiston Mayele wa Kongo. Mpishi wa mipira, Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso. Kwa Simba, jina la kwanza kwa miaka mingi lilikuwa Clatous Chama wa Zambia. Hatuna chuki na wageni hao. Wamekuja kufanya kazi, wakaifanya vizuri, na vijana wetu wamejifunza kwao. Lakini katika kila timu pana mahali pa kuamua, na mahali hapo pa kuamua tumewapa wengine. Mtanzania katika klabu kubwa hukimbia pembeni na kungoja apewe. Akija timu ya taifa, anatakiwa ghafla awe yeye wa kutoa.

Kuhusu walimu tutasema machache. Márcio Máximo wa Brazili alikaa tangu 2006 hadi 2010, muda mrefu kuliko yeyote aliyemfuata. Baada yake, mpaka Miguel Gamondi wa Ajentina aliyeiongoza timu huko Moroko mwishoni mwa 2025, wamepita walimu wasiopungua kumi, wazalendo na wageni, kila mmoja na mtindo wake. Hakuna shule ambayo ingebadilisha mwalimu wa hesabu mara kumi katika miaka kumi na mitano kisha ikashangaa matokeo ya mtihani. Sisi tuliotumikia serikali tunaijua hali hii: jambo likiwa gumu, ni rahisi zaidi kubadilisha jina mlangoni kuliko kufungua faili.

Kuna jambo jingine ambalo tunalitaja kwa adabu. Tangu 2023 Rais Samia Suluhu Hassan amekuwa akitoa fedha kwa kila bao linalofungwa na timu zetu katika mashindano ya Afrika, na wananchi wameliita «Goli la Mama». Ni ukarimu, na umewapa wachezaji moyo. Hakuna aliye mkweli atakayekana. Lakini hata zawadi ni lugha. Bao lina bei, na ni haki liwe nayo. Dakika tisini za kutofungwa bado hazijapata yake, na twaona kwamba mwenye moyo wa kutoa la kwanza hatashindwa kuombwa la pili.

Je, desturi hii yaweza kubadilika? Sisi twaamini imekwisha kubadilika mara kadhaa, ila hatukuona kwa sababu macho yetu yalikuwa kwenye mpira. Mwaka 1979, chini ya Slawomir Wolk wa Poland na msaidizi wake Joel Bendera, Taifa Stars iliwafunga Zambia 1-0 nyumbani, kisha ikaenda Ndola ikihitaji kuilinda hazina hiyo. Kila Mtanzania wa umri wetu hulikumbuka bao la Peter Tino siku ile, lililotutoa sare ya 1-1 na kutupeleka Lagos. Tino anastahili. Lakini walinzi kama Jella Mtagwa na Leodegar Tenga walizuia muda wote ule mbele ya umma wa Ndola, na nani hulisimulia hilo? Wale walikuwa watu waliokaa nchini karibu wote, wakakutana juma kwa juma katika viwanja vile vile, wakajuana hata kwa mlio wa kiatu.

Mwezi Oktoba 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walicheza Kombe la Dunia huko India. Mchezo wa kwanza walifungwa na Japani 4-0. Timu nyingine zingevunjika hapo. Wao wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali ya dunia. Hakuna timu ya wanaume wa nchi hii iliyofika hata mlango wa mashindano hayo. Walikuwa hawana majina, hawana mafungu mawili ya mashabiki yanayowangoja wakosee, na kila mmoja alirudi nyuma kwa kuwa hapakuwa na sifa iliyomngoja mbele.

Na mwezi Agosti 2025, tulipokuwa wenyeji pamoja na Kenya na Uganda wa fainali za Afrika za wachezaji wa ligi za ndani, timu iliyofundishwa na mwalimu mzalendo Hemed Suleiman iliwafunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0 na Madagaska 2-1, ikatoka suluhu na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ikatolewa robo fainali na Moroko kwa bao 1-0. Michezo mitano, mabao mawili ya kufungwa. Tuliwasikia watu wakilalamika kwamba timu hiyo «haina mpira mtamu». Hilo ndilo jukwaa letu: limepewa timu ya kwanza katika maisha yake inayojua kulinda bao moja, nalo likalalamika juu ya ladha. Mwezi Novemba mwalimu huyo akaondolewa, wiki chache kabla ya safari ya Moroko. Hata hivyo alichokuwa amekijenga hakikutoweka chote: huko Moroko, baada ya kufungwa na Nigeria 2-1, tulitoka sare na Uganda na sare na Tunisia, tukavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza, na wenyeji walitutoa kwa bao 1-0. Dhidi ya Tunisia tulitanguliwa kwa penalti, Feisal Salum akasawazisha, na matokeo hayo tukayashika mpaka filimbi ya mwisho. Yeyote anayeyakumbuka ya Zambia mwaka mmoja na miezi kumi na moja kabla ya hapo ataona tofauti.

Kwa walimu wenzetu wa shule za sekondari tuna pendekezo dogo, wala halihitaji fedha. Siku darasa likienda kutazama mchezo wa shule, mwalimu wa Kiswahili na awagawie wanafunzi wachezaji, kila mwanafunzi mchezaji mmoja, na masharti yawe haya: aandike aliyoyafanya mchezaji wake wakati wote alipokuwa hana mpira, dakika kumi tu, bila ya kutumia neno la Kiingereza. Wataandika mstari mmoja na kukwama. Watauliza: yule anayesogea pembeni makusudi ili njia ifunguke, tumwiteje? Wale wanaopanda pamoja ili mshambuliaji abaki ameotea, kitendo chao kina jina gani? Mwalimu asiwape jibu, kwa kuwa hana. Na wabishane, kama waliobishana zamani juu ya kanzu na tobo mpaka moja likashinda. Karatasi zikusanywe, maneno yaandikwe ubaoni, na Jumamosi inayofuata yajaribiwe pembeni ya uwanja kwa sauti kubwa, mbele ya wachezaji wenyewe.